Kikundi Kisicho na Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Agosti

Zamu yangu ya maji. Safari tatu kisimani, mgongo unauma. Halafu kuponda mawe ya dhahabu mpaka saa tisa. Wanawake kumi na wawili, nyundo kumi na mbili, hakuna bosi. Mwaka wa pili sasa.

Neno lenyewe nililisoma nikiwa chuo cha ualimu: anakia, watu kujiendesha bila mtawala. Hapa machimboni silitamki. Ukilitamka watu wanasikia vurugu. Nasema tu: hatuna mwenyekiti, tunakaa chini wote, na jambo ambalo hata mmoja amelikataa halipiti. Hilo wanalielewa bila kitabu. Kwao vijijini wamekaa hivyo miaka yote.

Bado wananiita Mwalimu. Inanikera.

Jumatano, 6 Agosti

Afisa wa halmashauri kaja na fomu. Kila kikundi kisajiliwe mwezi huu, la sivyo eneo letu anapewa tajiri mmoja aweke mashine ya kusagia mawe. Mwenyekiti nani? Hatuna. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, hata nyuki wana malkia."

Nilitamani nimtwange nyundo. Mama Limi akanivuta kanga. Yeye ndiye aliyenipokea hapa nilipofika sina mbele wala nyuma. Yeye wa Mhunze, mimi wa Kolandoto, tukaitana ndugu.

Fomu nimeikataa. Ila kabla sijakataa, wote walinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne, 12 Agosti

Fomu imejazwa. Mwenyekiti: Mama Limi. Picha yake imebandikwa. Alikwenda mjini peke yake akasaini, hakumwambia mtu. Anasema, "Mngekaa mnakubaliana mpaka tufukuzwe."

Eneo limebaki letu. Na mimi nina hasira. Miaka miwili, imekwenda kwa saini moja!

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekaa chini, bila Mama Limi. Minza, mkubwa wetu kwa umri, akasema tufanye kama nyumbani: Mama Limi atengwe. Asisalimiwe. Asipewe moto wala maji. Mtu asikanyage kwake mpaka atoe ng'ombe wa faini. Mjane yule, ng'ombe atamtoa wapi?

Hakuna polisi, hakuna mahakama, hakuna mtendaji wa kijiji. Yote niliyohubiri. Wakanyoosha mkono mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Ningekataa, lisingepita. Nikanyoosha.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Niliogopa wangesema nampendelea. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilitaka aumie.

Jumapili, 17 Agosti

Mama Limi anaponda peke yake, upande usio na kivuli. Asubuhi kafika, katusalimia "Mwangaluka" kama siku zote. Tumeinamia mawe yetu, wote kumi na mmoja. Akasema tena. Nyundo tu.

Jamani. Hakuna askari aliyewahi kunifanyia ukatili kama huu nilioufanya leo kwa kunyamaza.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeomba tukae tena. Nimesema nilikosea, tumfungulie mwenzetu, kama si yeye leo tungekuwa barabarani. Tisa wakaniunga mkono. Minza akakataa.

"Mwalimu, si ulisema mmoja akikataa halipiti?"

Halikupita. Kanuni yangu mwenyewe. Nimerudi nyumbani sijala, na sioni nimlaumu nani zaidi yangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama yake Mama Limi amefariki. Bibi alikuwa anaumwa tangu mfungo, anauguzwa na binti yake huyo huyo. Watu wanne wa kulipwa wamechimba kaburi, wakazika, wakaondoka. Hakuna turubai, hakuna mwanamke aliyepeleka kuni. Minza amesema atakayekwenda atengwe naye. Hakuna aliyebisha.

Mimi pia sikwenda. Nilifunga mzigo wa kuni asubuhi, nikakaa nao mlangoni mpaka jua likazama. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda. Mchana kweupe, kuni kichwani, nikapita katikati ya wenzangu wakiponda. Niliwasalimia. Hakuna aliyeitika. Basi, nami nimeshatengwa.

Mama Limi alikuwa kwenye mkeka, peke yake. Nikatua kuni.

"Pole, ndugu yangu."

Akaitazama mikono yangu. Nikarudia.

"Ulinyoosha mkono, Mwalimu."

Ndiyo. Nilinyoosha. Nilijua nikianza kueleza nitakuwa najitetea tu.

Sufuria zilikuwa chafu, zimerundikana jikoni. Nikakaa chini, nikaziosha moja moja. Hakunikaribisha. Hakunifukuza.