Fainali Ndani ya Kompyuta ya Baba

Jumatano, 6 Machi
Kompyuta ya Baba imekufa. Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kujisasisha, na betri yake siku nyingi imekuwa pambo tu. Sasa inawaka, inasema inajirekebisha, inazima. Inawaka tena. Mama anasema ina tabia za kaka yangu.

Isingekuwa neno, ila ndani mna mpira. Mechi zote Baba alizotangaza redioni! Alizihamisha mwenyewe kutoka kwenye kanda, moja moja, tangu astaafu. Kanda Mama akazitupa. Kwa idhini ya Baba, anasema. Baba alinong'ona kitu, hatukusikia.

Jumanne anapasuliwa koo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeipeleka kwa fundi wa karibu na stendi. Hata kifuniko hakufunua. Ni kufomati tu, akasema, jioni nije nichukue. Na mafaili? "Mafaili yanaondoka, dada. Lakini itakuwa nyepesi!"

Hata nyumba ikiungua inakuwa nyepesi. Nimeichukua, nimeondoka.

Kaka amepiga simu. Ushauri wake: nunueni mpya. Nikamuuliza, na Baba tununue mpya? Akasema mtandao unasumbua.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi mwingine, mwanamke. Nimempa jina Bi Flashi, maana anazo shingoni kama shanga. Alichouliza kwanza: "Mgonjwa ameshapewa dawa gani?" Nikasema hakuna, tumewasha na kuzima tu. "Basi acheni kuwasha."

Akanieleza. Kilichoharibika ni mfumo unaoiendesha; vitu vya Baba vimo palepale, kama nyumba iliyokwama kitasa. Anachomeka flashi yenye mfumo wake mwingine, kompyuta inawakia humo, kila kitu kinahamishiwa diski ya nje. Ndipo aguse ugonjwa wenyewe. "Kwanza watu watoke, halafu ndiyo tubomoe ukuta."

Baba aling'ang'ania kuja. Akakaa kwenye stuli, macho kwenye skrini, kwenye mstari wa kijani unaosogea mafaili yakihama. Mara nikamsikia, kwa sauti aliyobakiwa nayo, kama mtu anayekwangua ukoko: "Anaambaa na winga ya kushoto... anatulia... amekwama!"

Mstari ulikuwa umekwama kweli. Bi Flashi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikatoka kununua maji. Hakuna aliyekuwa na kiu.

Jumatatu, 11 Machi
Bi Flashi amepiga. Diski yenyewe ina jeraha, kuna mahali haisomeki. Mengi yametoka, yaliyobaki anayanyofoa taratibu, hataki kuilazimisha isije ikafa kabisa. Nikamwambia Baba. "Fainali je?" akanong'ona. Nikasema sijui. Akaendelea kukunja pajama zake za hospitali. Alizikunja vizuri mno.

Jumanne, 12 Machi
Ametoka salama. Daktari anasema uvimbe wote umeondolewa. Sauti itarudi, au itarudi nyingine. "Nyingine ipi?" Mama akauliza, kana kwamba tunachagua kitambaa.

Mpaka daktari amwone tena ni marufuku kuongea, hata kunong'ona. Mama aliomba amri hiyo irudiwe mbele ya manesi.

Alhamisi, 14 Machi
Kompyuta imerudi! Diski mpya, mfumo mpya, mafaili ndani. Bi Flashi anasema kilichotoka ndicho kilichotoka, kingine diski imemeza. Fainali ipo. Sijaifungua. Si yangu kuifungua.

Jumapili, 17 Machi
Naandika hapahapa sebuleni, daftari magotini. Baba yuko nyumbani tangu jana. Mama ndiye aliyeibonyeza fainali.

Sauti ikajaa chumba. Sauti ya kijana! Siijui. Baba amekaa wima, mikono mapajani, kama yuko kwenye usaili.

Jirani akaingia bila hodi — tunamwita Kocha, ingawa hajawahi kufundisha hata kuku. "Mzee amepona, namsikia!" Akauona mdomo wa Baba umefungwa. Akatafuta kiti.

Ni fainali ya kombe la viwanda. Viwanda vyenyewe vimeshakufa, nani anaikumbuka? Sare mpaka mwisho. Penalti. Kocha ameshasimama, anamfokea kipa ambaye leo huenda ni babu wa watu. "Anaweka mpira... anarudi nyuma... kipa anachezacheza... anapi—"

Kimya.

Mama akarudisha nyuma. Inaishia palepale.

"Ikawaje?" akauliza Kocha. Mama akasema asiulizwe yeye, siku hiyo alikuwa leba. Leba ya nani? nikauliza. "Yako," akaniambia. "Baba yako alikuja usiku, hana sauti, ananinong'oneza nimwonyeshe mtoto."

Nina umri huu, leo ndiyo naambiwa.

"Lakini alifunga au hakufunga?" Kocha anakaribia kulia. Wote tukamgeukia Baba. Nikamwambia, tikisa kichwa tu Baba, ndiyo au hapana. Akanitazama kama nimemtukana.

Sasa amesimama. Ananyoosha pajama. Ameweka kiganja sikioni, pale ilipokuwa ikikaa hedifoni akitangaza.

"Usithubutu!" Mama anasema. "Daktari amekataza, na manesi ni mashahidi! Usithubutu wewe mwanamume!"

Baba ameinua kidole kimoja: subirini. Kifua kinapanda. Kocha amefumba macho. Mama ameinuka amzibe mdomo, amefika, mkono umeishia njiani, naye anasubiri —