Sala Ndefu ya Bibi Yako

Liniers, Buenos Aires
9 Agosti 2011

Mpendwa mwanangu Sabina,

Pokea salamu za shangazi yako, na baridi ya huku iishie njiani. Hujambo? Mgongo wa baba yako umepata nafuu? Mimi magoti yananisumbua, lakini macho bado yanasoma, nami nayashukuru kila asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi: wapika pombe kumi na wawili wa kwetu Cliza, ambao enzi zetu wasingeazimana hata mwiko, leo wanaandika pamoja kitabu cha mwongozo ili mtungi wa kila mmoja utoke salama!

Mara ya pili nilihuzunika. Ulitoa kipimo cha bibi yako kwa moyo mweupe, wote wakakifuata, na mitungi saba ikageuka siki. Kisha Bi Teodosia, mmoja wao, akasimama kikaoni akakushutumu: "Kipimo cha kweli umekificha ndani ya sketi, sisi umetupa ganda! Shusha kitambaa chako cheupe, dada. Kwako hakuna pombe." Na mwisho wa mwezi huu wanapiga kura kukutoa kikundini. Kitambaa hicho cha kuwaita wanywaji, mwanangu, kilipepea mlangoni petu kabla sijazaliwa.

Mara ya tatu niliisoma na penseli mkononi. Uliwaambia: pombe ikishachemka iachwe ipoe, utumbukize kiwiko, na kikivumilia Salamu Maria moja, utie chachu. Hivyo hivyo ndivyo alivyosema mama. Hukukosea hata neno.

Ndipo nikakumbuka siku moja nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimetoka shule, kiwiko kimo mtungini, nikasali kwa Kihispania kama mwalimu alivyotufundisha. Mama akanivuta sikio. "We Casilda, sala ya mbio hiyo unamkimbia nani? Anza upya, kwa lugha ya watu!"

Yeye alisali kwa Kikechua, lugha yetu ya nyumbani, tena kwa kuimba, kila mstari akiuburuta kama mtu asiyetaka kufika. Hakutaja lugha alipotoa kipimo chake, kwa sababu kwake sala ilikuwa moja tu.

Sikutaka kukuandikia kwa kukisia. Nilinunua kipimajoto, nikachemsha sufuria ya kimea cha mahindi. Sala ya Kihispania niliimaliza kwa sekunde kumi na mbili, uji ukiwa digrii arobaini na sita. Humo chachu inaungua, na mtungi unabaki wazi kwa uchachu. Ya mama ilichukua dakika moja na nusu, na kiwiko hakikuivumilia mpaka uji uliposhuka hadi digrii thelathini na nane.

Ipeleke barua hii kikaoni, na mpike mtungi mmoja mbele ya wote. Kwanza muulize kila mtu alisali kwa lugha gani. Katika kitabu msiandike "sala moja". Andikeni digrii na dakika, ili hata mgeni asome na apike sawa. Chini yake iandikeni sala nzima ya Kikechua, kwa ajili ya asiye na kipimajoto.

Teodosia usimwekee kinyongo. Amemwaga mitungi miwili wiki ya sikukuu. Mdomo wake utaacha kuwa mchungu mtungi wake ukitoka mtamu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu ukame uliponitoa huko, miaka ishirini na minane, sala ile sikuwahi kuisali. Nilidhani imenitoka. Jikoni hapa, kiwiko ndani ya sufuria, ilikuja yote, na mburuto wake. Nilipofika mwisho uji ulikuwa tayari kwa chachu, lakini mkono sikuutoa. Nilianza tena, mpaka uji ukapoa kabisa.

Nisalimie kaka yangu Hilarión, umwambie asiinue mitungi. Msalimie mama yako Eulogia, na Teodosia pia, kwa jina, mbele ya watu.

Mungu aikinge mitungi yenu na siki, na kikao chenu na maneno makali. Kitambaa usikishushe.

Ninayekupenda bila kupoa,
Shangazi yako Casilda