Kompyuta Iliyokuwa Haioni Diski

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako hajambo, na alizeti tumeshavuna. Umeuliza kwa nini namwombea fundi Hamisi, ambaye si ndugu yetu.

Biashara huria ilipoanza, tajiri mmoja wa Itigi alileta kompyuta iliyokwishatumika, akaniajiri nichape barua za watu. Siku nyingine ikiwashwa iliandika kwamba haioni diski. Siku nyingine ilifanya kazi vizuri. Tajiri akasema mimi ndiye ninayeiharibu, akataka kuniachisha. Kwanza akamwita Hamisi, fundi redio wa karibu na stesheni. Hamisi alipoiwasha, ikawaka vizuri. Nikajua nimekwisha.

Lakini akanigeukia. "Wewe ndiye unayeshinda nayo, binti. Hukataa lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ni asubuhi ninazosogeza meza ili nifagie. Akaizima, akaifungua, akakuta waya wa diski umelegea. Alipoubadilisha tukaisogeza meza mara nyingi, na kila tulipoiwasha diski ilionekana.

Akamwambia tajiri, "Aliyegundua ugonjwa ni huyu."

Nilifanya kazi pale mpaka mama yako akazaliwa. Hamisi alizoea redio tu, mjukuu wangu, lakini alijua wa kumuuliza.

Akupendaye,
Bibi Lea