Namba ya Viatu vya Baba

Kambi Namba Nne,
Kericho.
Jumapili, 4 Januari

Kwako dada yangu Phelis,

Nakusalimu kutoka nyumbani nikiomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na ile theluji uliyotutumia kwa picha iwe imepungua, uweze kwenda kazini bila kuteleza. Kikohozi chako kimeisha? Baba alisema ulikohoa sana mlipoongea siku ya Krismasi, akazunguka kambi nzima ya wachuma chai akiwaonyesha watu vile mtoto wake anakohoa huko Amerika. Mama bado yuko Nyamira kwa nyanya. Nyanya sasa anaweza kuketi na kunywa uji, lakini Mama anasema hawezi kumwacha kabla ya Machi. Mimi nasubiri matokeo ya mtihani. Kila gari likipita na redio juu natoka mlangoni kusikia kama yametangazwa.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ni kwa sababu simu tuliyo nayo ni ya Baba, na unajua anavyopenda kusikiliza ujumbe wako kwa sauti ya juu, mpaka jirani anajua ulikula nini. Tena mimi nikipewa simu nasema niko salama, kisha namrudishia. Dorine, yule binti ya Mama Rebeccah wa pale kwenye posho mill ya kusaga mahindi, anakuja kusomea uuguzi huko Minnesota na anaondoka Jumatano. Nimemwomba aiweke barua hii ndani ya Biblia yake na asiitoe mpaka akuone wewe mwenyewe. Aliniuliza kama nimeandika mambo ya kijana. Nikasema hapana. Akasema basi kwa nini nimeibandika gundi pande zote nne.

Dada, nataka kukueleza juu ya viatu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Vile vya kwanza vilifika Novemba, wiki niliyomaliza mtihani. Vilikuwa viatu vizuri sana. Baba alivinusa ngozi, akavigonga soli kwa kidole, akasema hivi mtu anaweza kuzikwa navyo na mchwa washindwe. Alisema siku ya kuwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, mwezi ujao wa Februari, watu watamwangalia miguu kabla ya uso. Halafu usiku huohuo alikupigia akakuambia havikumwingia. Alicheka akasema namba za Wamarekani ni za watu wembamba.

Wewe ulijilaumu. Ulisema ulinunua tisa kwa sababu mimi nilikuandikia tisa, na kumbe tisa ya huko ni nane yetu. Mimi pia nilijilaumu, kwa sababu tisa niliyokuandikia niliitoa chini ya gambuti zake za mpira za kazini. Sikufikiria kwamba hapa kambini kila mtu hununua gambuti namba moja zaidi, ili soksi mbili ziingie asubuhi ya baridi. Baba ni mtu wa nane. Basi mimi nilizidisha moja na wewe ukapunguza moja bila kujua. Imewahi kunitokea kwenye hesabu, kukosea mara mbili na bado kupata jibu sahihi. Nitalirudia jambo hili hapo chini, lakini nataka ujue mapema kwamba kiatu cha kulia kilimwingia vizuri kabisa. Nilikifunga kamba mimi mwenyewe.

Baadaye ukatutumia maelezo. Nimpime jioni miguu ikiwa imechoka, asimame wima kwenye karatasi, penseli isimame sawasawa bila kulala ndani, nipime kutoka kisigino hadi kidole kirefu, miguu yote miwili, kisha nipige picha rula ikiwa kando. Nilikutumia picha ya nyayo mbili. Ukajibu kwa sauti, ukacheka, ukasema yule bibi unayemtunza ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine na dukani hupata taabu, lakini miguu ya Baba iko sawa kama ya askari kwenye gwaride. Ukasema nimepima vizuri kuliko watu wa duka, na kwamba nikikosa chuo unaweza kunitafutia kazi ya kupima miguu. Baba alicheka sana. Mimi nilitoka nje nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Sasa unasema utaagiza vingine vya namba kumi, vipana, mwisho wa mwezi huu. Usiagize, dada.

Ngoja nianzie Agosti, maana ndipo ilipoanza. Siku moja Baba alirudi kutoka kupogoa chai, akavua gambuti ya kushoto na kuikung'uta, ukaanguka msumari. Msumari wa bati, ule wenye kichwa kipana. Soksi ilikuwa na damu. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi. Alinionyesha akicheka, akasema mguu wake umekuwa mgumu kama jembe, hata msumari hauwezi kumsumbua. Nami nilicheka. Niliona ni jambo la kujivunia, nikamhadithia hata Dorine.

Septemba, Sabato ya Meza ya Bwana, Baba hakwenda kutawadhana miguu. Alisema ana homa. Sikufikiria sana. Lakini juzi Desemba ilifika zamu nyingine, na safari hii alikuwa kanisani tayari. Wanaume walipoenda na mabeseni yao nyuma ya kanisa, yeye alibaki uani akiongea na watoto. Mzee Omariba, ambaye yeye na Baba wameoshana miguu miaka yote tangu tukiwa wadogo, alitoka na taulo begani akamwita Baba kwa jina, Kebaso. Alimuuliza Kebaso anaficha kucha gani, au anaogopa maji siku hizi kama paka. Wanaume wakacheka. Akamwambia tena kwamba mzee wa kanisa asiyeoshwa miguu ni kama mpishi asiyeonja. Baba naye akacheka, akasema amejiosha nyumbani kwa sabuni ya Amerika. Kisha akaja akasimama karibu nami, na niliona anatoka jasho, na siku ile kulikuwa na baridi.

Mimi wakati huo nilikuwa najua. Nilijua tangu Novemba, na hili ndilo ninaloomba unisamehe.

Siku viatu vilipofika nilimvisha mimi. Cha kulia kikaingia, kama nilivyosema. Cha kushoto kilikataa. Nilidhani soksi imejikunja, nikaivuta, na soksi ikatoka imelowa, na harufu ikatoka nayo. Chini ya mguu, karibu na kidole gumba, pana kidonda. Ni pale msumari ulipoingia. Kilikuwa hakijapona tangu Agosti, na mguu wote umevimba hadi juu ya kifundo. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi hata kidogo, ndiyo maana si kitu. Anakifunga kwa kitambaa na kumimina chumvi, kisha anavaa gambuti na kwenda kazini.

Nilimwambia twende dispensari ya kambi. Alifunga tena kitambaa mguuni. Kisha akaniambia kwamba muuguzi akiona mguu ule atampeleka hospitali kubwa, na Baba mkubwa Onyiego alikwenda hospitali kubwa kwa kidole kimoja. Unakumbuka, dada. Walikata kidole, kisha wakakata mguu, kisha tukaenda Nyamira kumzika, na ulikuwa ni ugonjwa wa sukari. Baba alisema amebakiza miezi mitatu astaafu, na anataka kutoka kambini akitembea kwa miguu aliyoingia nayo. Akaniomba nisikuambie wewe wala Mama. Hakunikaripia. Aliniomba vile mtu anaomba maji. Unajua Baba hajawahi kuniomba kitu, huwa ananituma tu. Nikasema sawa.

Uliposema nipime miguu yote miwili, alikanyaga karatasi kwa ule wa kulia tu. Akasema mguu ni mguu, geuza karatasi. Nikaigeuza. Niliibandika kwenye kioo cha dirisha mwanga upite, nikaweka karatasi nyingine juu yake na kufuata mstari. Unyayo wa kushoto niliokutumia, ule uliousifu, si wa mguu wa kushoto wa Baba. Ni wa kulia mara mbili. Ndiyo maana ilikuwa sawa kama ya askari. Nilikudanganya kwa penseli na rula, na kila ukinisifu nahisi kama nimeiba.

Nimejiambia mara nyingi kwamba niliahidi. Lakini tangu mwaka huu uanze anakunywa maji jagi zima kabla ya kulala, na anatoka nje kwenda chooni mara nyingi. Ijumaa niliona kidole kidogo cha mguu ule kimeanza kuwa cheusi. Nilimwonyesha, akasema ni rangi ya gambuti. Nilikisugua kwa kitambaa na sabuni. Haikutoka.

Jana Sabato, baada ya chakula, alilala kwenye kiti kama kawaida yake, miguu wazi kwenye gunia, kwa sababu tulikuwa peke yetu. Nilichukua karatasi nikaiingiza polepole chini ya mguu wa kushoto. Nilizunguka vidole na ubavu. Nilipofika kisigino gunia lilikuwa limejikunja, penseli ikakwama. Nilisimama hapo sijui nifanye nini. Kisha mguu ukainuka kidogo, kiasi cha penseli kupita, ukakaa hivyo mpaka nikamaliza, ukashuka.

Dada, mguu ule hausikii chochote. Haukusikia msumari wa bati kutwa nzima, hauwezi kusikia penseli. Kama uliinuka pale penseli ilipokwama, basi ni kwamba alikuwa ananiangalia. Nilipoinua macho, yake yalikuwa yamefungwa. Nilikunja karatasi mbele yake nikaitia mfukoni, na hakuniuliza ni ya nini.

Karatasi hiyo nimeiweka humu. Mguu wa kulia ni sentimita ishirini na sita na nusu. Huu ni ishirini na saba na robo, na upana umezidi wa kulia kwa sentimita mbili. Lile duara nililochora ndani ni kidonda, sentimita tatu kwa mbili na nusu. Alama niliyoipaka wino ni kile kidole. Wewe unafanya kazi na wagonjwa, utajua kusoma vizuri kuliko mimi. Sijakuandikia namba ya kiatu kwa sababu sidhani kuna kiatu.

Kama barua hii itakufikia kabla ya Jumapili ijayo, piga simu Jumapili saa kumi alasiri ya huku, atakuwa nyumbani. Mwambie umeona karatasi. Mwambie ni mimi niliyekuambia, usinifiche. Nitakuwa nimeketi kando yake. Jumatatu nitaenda naye dispensari, na wakimtuma hospitali nitapanda gari naye, na nitaongea na daktari mimi mwenyewe, hata kama sauti yangu ni ndogo. Lakini nadhani ataanza kutembea kwenda huko akikusikia wewe. Mimi ameniona kila siku, amenizoea.

Mama sijamwambia. Tuamue pamoja baada ya Jumapili.

Nyanya anakusalimu sana. Mama Rebeccah anakusalimu, na anakuomba umtazame Dorine, ambaye anajifanya haogopi. Mzee Omariba naye alisema nikikuandikia nikuambie usisahau Sabato kwa ajili ya zamu za kazi. Vaa nguo nzito, kunywa vitu vya moto, na kikohozi kikizidi nenda ukaonwe, usikifiche.

Mdogo wako,
Mellen Nyabate