Rangi Isiyotoka kwa Mafuta ya Taa

Wanangu,

Nimerudi mara moja kuchukua nguo za baba yenu. Amelazwa. Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Wewe mkubwa, leo vyombo ni vyako, na usijifanye una kidonda kidoleni.

Si mnajua wiki nzima anapaka ile shule ya chekechea rangi ya njano? Asubuhi nikakuta doa la rangi kwenye shuka, na shingo yake ya njano. Nikapandwa na hasira. Nikaisugua shuka kwa mafuta ya taa, kisha nikamgeukia yeye. Ngozi ikawa nyekundu, njano iko palepale. Akafumbua macho. "Mama watoto, unanichuna!" Macho nayo ya njano. Nani anapaka rangi ndani ya macho?

Hospitali wameona uvimbe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari anasema inaelekea ni saratani. Kule kujikuna, kukosa hamu ya kula, maumivu ya ubavu wa kulia aliyoisingizia ngazi, kumbe ndizo dalili zenyewe. Nikauliza, atapona? Kama haijatoka kwenye mfuko, wanaukata na mtu anaishi. Ikishafika kwenye ini, wanaopona ni wachache. Kipimo ni kesho.

~~Bibi yenu msimwambie.~~ Mwambieni bibi, taratibu, akiwa amekaa.

Mvua ikianza, anueni shuka kambani. Yenyewe rangi imetoka yote, nyeupe pee.

Mama yenu