Kitambaa cha Asubuhi ya Zamu Yangu

Mwalimu wangu Bernadeta,

Ulitufundisha kuripoti hivi: kwanza kilichoonekana, kisha alichofikiri mwandishi, na machozi yabaki nyumbani. Nitajaribu. Tangu tukuzike mvua zimeisha. King'ora cha kiwanda cha Shituru kinalia saa zake zile zile, na Katanga bado inasema ni nchi inayojitawala, ingawa redio hazikubaliani. Darasa lako amepewa Mwalimu Adela, kijana, mwenye sauti ndogo. Mimi nimepewa wasichana wa mwaka wa kwanza, niwasaidie kusoma. Miwani yako iliyofungwa kwa uzi iko kwenye droo. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sasa habari ya kitambaa. Unaijua kuliko mimi, lakini ulisema ripoti ambayo mgeni haielewi si ripoti, basi naandika yote.

Kila alfajiri msichana mmoja wa darasa lako alishuka mtoni na kitambaa cheupe. Alikizamisha majini, akahesabu hadi mia kwa Kifaransa, akakinusa, akakileta juu na kukitundika kwenye uzio wa shule. Wanawake wa mtaa walipita hapo na ndoo zao. Kitambaa kikiwa cheupe, walishuka kuchota. Kikiwa na rangi yoyote, au uzio ukiwa mtupu, walikwenda kwenye kisima cha mbali, wakinung'unika njia nzima. Wengi hawakujua kusoma, lakini kitambaa walikisoma. Uligundua kwamba nusu yetu tuliruka kutoka sitini na tisa hadi themanini kwa sababu sabini ya Kifaransa ilitushinda, kwa hiyo kitambaa kilitolewa majini kabla ya wakati. Ulicheka hadi ukavua miwani. Halafu ukatufundisha sabini wiki nzima.

Na kuhusu kile ambacho hatukukiona ulisema, karibu kila siku: "Kama haukuone na macho yako, sema sikuone. Hakuna haya."

Asubuhi ya zamu yangu askari walikuwa wamepiga kambi juu ya mto. Wa upande gani, sijui mpaka leo. Risasi zililia karibu na daraja na mama akasimama mlangoni. "Weye utaenda wapi? Haukusikie masasi?" Sikwenda. Hapo bado sikuwa na kosa.

Ukutani uliweka orodha ya zamu, na pembeni majina ya wasiokosa hata mara moja. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nikafikiri: jana maji yalikuwa safi, leo yatakuwaje machafu? Nyuma ya nyumba yetu kuna pipa la maji ya mvua. Nilizamisha kitambaa humo, nikahesabu hadi mia bila kuruka sabini, nikakimbia kukitundika. Kilikuwa cheupe sana. Nakumbuka nilikitazama na kujiona hodari.

Wanawake waliteremka haraka, giza halijaisha, kila mmoja akitaka kurudi kabla ya risasi nyingine. Kambi ilikuwa imetupa uchafu wake wote mtoni. Kitambaa cha kweli kingetoka kijivu na kingenuka. Nyumba nyingi ziliugua tumbo. Wengine walipona. Toni, mtoto wa Mama Kapinga, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, hakupona.

Wanawake walipokuja uani mwa shule wakiuliza nani aliweka kitambaa kile, nilikuwa mstari wa pili, nyuma ya mwenzangu Sofi. Ulitoka na chaki mkononi. Ukajigusa kifua, ukasema, "Kitambaa ni ya minye. Kosa ni ya minye. Batoto mubaache." Tulipoingia darasani, orodha haikuwepo ukutani. Kwa hiyo ulijua. Ulijua, Mwalimu, na hukunitazama hata kidogo, na siku ile nilishukuru kwa kutotazamwa. Leo naona aibu kwa shukrani ile.

Wamama wengi waliwaondoa binti zao. Kazi ya kitambaa ikafa. Wewe ukaanza kukohoa mvua za kwanza, na mvua za mwisho hukuziona. Kwenye mazishi yako benchi za upande wa wanawake zilikuwa tupu karibu zote. Nilizihesabu, kwa mazoea. Nilikuwa na kinywa na sikukifungua.

Mwezi uliopita Mwalimu Adela alinitaka nianzishe tena kazi ya kitambaa pamoja na wadogo. Nilimwambia kuna mtu nataka kumwona kwanza. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Mama Kapinga. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza kila kitu, pipa, risasi, orodha, kwa mpangilio uliotufundisha. Sikulia. Nilifikiri atanipiga na ningependa anipige.

Aliacha kutwanga. "Na mbona haukuseme wakati Mwalimu alikuwa muzima? Minye nilimupitaka mu njia bila kumusalimia."

Kisha akaendelea kutwanga. Nilisimama pale mpaka sombe ikawa laini, akaingia ndani, nikarudi nyumbani. Wiki ile mtaa wote ulijua. Mama yangu hakunisemesha siku mbili. Wengine bado hawanisemeshi, na sina la kuwalaumu.

Tulianza hata hivyo. Wadogo wanahesabu vizuri, sabini wanaijua. Lakini wanawake walipita uzioni bila kugeuza shingo, kitambaa kiwe cheupe au cha udongo. Walichota walivyotaka. Niliandika hivyo daftarini: wamepita, hawakutazama.

Leo alfajiri askari walikuwa tena darajani. Niliwarudisha wadogo kwa mama zao na sikushuka. Pipa letu bado lilikuwa na maji. Nilikwenda uzioni mikono mitupu, nikasimama hapo ili atakayeuliza anikute. Walikuja na ndoo. Mmoja akaguna. Mama Kapinga alikuwa mbele yao. Alisimama, akatazama uzio mtupu, akanitazama mimi.

"Haukuone?"

"Sikuone, Mama."

Akageuka, ndoo kichwani, akashika njia ya kisima. Wengine wakamfuata, wakinung'unika kama zamani.

Nimeandika kilichoonekana. Nilichofikiri ni kwamba ulipaswa kuwa hapa, usikie manung'uniko yale. Nimekukosa, Mwalimu. Machozi nimeshindwa kuyaacha nyumbani, utanisamehe karatasi iliyolowa.

Pumzika sasa. Orodha mpya nimeibandika mahali pa ile uliyoitoa, na haina pembeni ya wasiokosa. Siku nitakayoona, nitatundika. Siku ambayo sitaona, nitasimama pale uzioni na kusema sikuone, kila mara, maisha yangu yote.

Mwanafunzi wako,
Yustina