Mwanga Usiopanda Juu ya Goti

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, anajulikana kwa jina la Mama Pindo
Umri: Miaka 58
Kazi: Kukunja mapindo na kurekebisha nguo
Makazi: Chumba cha uani, nyumba ya pili nyuma ya soko la nguo
Kuhusu: Mzee kuanguka kwenye ngazi ndani ya ukumbi wa maigizo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo afande anaandika na mimi ninasema. Nimemwomba asiyapige pasi sana maneno yangu.

Fundi wa taa wa ule ukumbi ni binti yangu, kitindamimba wangu. Ninalisema hili mwanzo ili lisije likaonekana nimelificha. Hapa kituoni nimekuja kwa miguu yangu, yeye hajui. Jana aliniambia, "Mama, usithubutu kwenda. Watasema mama kaja kumtetea mwanawe." Nikamwambia sawa. Leo asubuhi nimemuaga kwamba nakwenda kununua uzi.

Nimeambiwa binti yangu anaweza kushtakiwa kwa uzembe, kwamba taa za ngazi hazikuwaka ndipo mzee wa watu akaanguka. Kazini amesimamishwa. Tangu Jumapili hali chakula cha maana, anakaa kitandani anatazama ukuta. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Taa zilikuwa zinawaka, na nitaeleza ninavyojua.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa nane na nusu mchana, nilifika ukumbini. Tangu nizaliwe sikuwahi kuingia mahali kama pale. Binti yangu alinipokea mlangoni akanishika mkono kama vile mimi ndiye mtoto. Nilimuuliza, "Sasa wewe utatokea saa ngapi jukwaani?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema, "Mama, mimi nikitokea ujue kazi imeharibika."

Akanieleza kwamba yeye hukaa kwenye kijumba cha kioo huko juu nyuma, na kwamba mwaka huu amefunga taa mpya kwenye ngazi zinazopita kati ya viti. Watu wanatoka na kuingia wakati igizo linaendelea na ukumbi uko gizani. Wakikosa mwanga wataanguka. Ukiwa mwingi, walioketi wanaacha kutazama jukwaa wanatazama ngazi. Mwongozaji wa igizo alikuwa hazitaki kabisa, anasema zitamharibia giza lake. Walivutana wiki nzima. Binti yangu alimwambia, "Kaa kiti chochote unachotaka. Ukiiona taa yangu bila kuinama, naing'oa." Mwongozaji akakaa viti vingi, taa zikabaki.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nitajuaje kama umefanya vizuri?" Akasema, "Ukishuka ngazi salama, ukafika nyumbani, na hukumbuki kama kulikuwa na taa." Nikamwambia hilo halitawezekana, maana mimi nimekuja kuziona hizo hizo taa. Akanikalisha kiti cha pembeni, kando ya ngazi. Akaniwekea masharti, "Humo ndani hakuna kuongea, Mama. Hata kikohozi, jitahidi ukimeze." Nilimwahidi. Sikutaka mtu ageuke aseme, yule mshamba ni mama yake fundi.

Saa tisa kamili taa kubwa zilizimwa. Afande, lile giza lilitushukia lote kwa mpigo. Nilijishika mkono mwenyewe. Kwanza sikuona kitu, nikasema moyoni, haya, mwanangu amesahau kuwasha. Ndipo nikainama kutafuta mkoba wangu sakafuni, na nikaziona.

Ukingoni mwa kila ngazi kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, rangi ya makaa yanapoanza kufunikwa na majivu. Ngazi baada ya ngazi, mpaka chini kabisa karibu na jukwaa. Ulilala sakafuni. Haukupanda juu ya goti la mtu. Nikainuka, hakuna taa. Nikainama, zipo. Nikainuka tena, hakuna kitu, ni jukwaa tu na watu wanaoigiza. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayechota maji.

Dada aliyekaa kiti kilichofuata changu alininong'oneza, "Mama, umepoteza kitu?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Hapana. Naangalia taa."

"Taa gani?"

"Hizi za chini."

Akasema, "Mama yangu, igizo liko kule mbele."

Afande ameniuliza igizo lilihusu nini. Kuna mwanamke alikuwa anamsubiri mtu. Zaidi ya hapo sina la kueleza. Watu mia kadhaa walikuwa wanatazama jukwaa, na mimi peke yangu nilikuwa natazama sakafu.

Watu waliochelewa walikuwa wanaingia. Uso wa mtu huuoni, shati hulioni, unaona viatu tu vinashuka. Kiatu kinatokea, kinakanyaga mwanga, kinapotea, kingine kinatokea. Wala hawakupapasa. Walishuka kama watu wanaoshuka ngazi za nyumbani kwao, macho yao jukwaani, na hakuna hata mmoja aliyetazama kilichokuwa kinamwongoza.

Ubavuni mwa kiti changu kulikuwa na mojawapo ya taa hizo. Nilipeleka kidole. Juu yake kulikuwa na kibati kimekunjwa mdomo kwa chini, mwanga usipande. Nilikipapasa, nikakitambua. Watoto wangu walipokuwa wadogo tulilala wote chumba kimoja, wengine chini kwenye mkeka. Nilikuwa naweka kibatari sakafuni nyuma ya kopo la mafuta nililolikata nusu na kulikunja mdomo hivyo hivyo, ili anayetoka kwenda uani aone pa kukanyaga asimkanyage mwenzake, na mwanga usimwamshe mdogo wao. Huyo mdogo ndiye huyu fundi. Miaka yote hiyo nilidhani mtoto amelala.

Nilikaa na kidole changu pale. Machozi yalinitoka, na kwa vile nilikatazwa kupiga kelele nikayaacha yashuke yenyewe.

Sasa naeleza habari ya mzee. Alikuwa amekaa safu mbili mbele yangu, na kijana wake. Katikati ya igizo aliinuka akapanda ngazi, nadhani kwenda msalani. Alipopita kwangu niliona miguu yake. Mimi kazi yangu ni mapindo, nikiona suruali macho yanakwenda chini yenyewe. Mguu wa kulia pindo lilikuwa limefumuka na limeshikizwa na pini ya nepi, ile yenye kichwa cha bluu. Nikajisemea, mke wake alikuwa na haraka huyu.

Alipokwisha kupita, niliona kitu kinametameta kwenye ngazi ya pembeni yangu. Ilikuwa ile pini, imefunguka na kuanguka. Fundi nguo haachi pini sakafuni, mkono unakwenda kabla ya akili. Niliiokota nikaifunga, nikaichomeka kifuani kwenye gauni langu kama ninavyofanya nikiwa kazini. Nikasema akirudi nitampa.

Alirudi. Kwenye mwanga wa ngazi niliona pindo la kulia limeshuka lote, liko chini ya kisigino, analikanyaga. Jukwaani palikuwa kimya kabisa, yule mwanamke amesimama tu hasemi, na ukumbi mzima umeshika pumzi. Nilifungua mdomo niseme, "Baba, pindo." Nikakumbuka masharti. Nilinyoosha mkono nimguse, nikaurudisha. Nikasema nitampa mwishoni. Akapita, akashuka ngazi moja, ya pili mguu wa kushoto ukaenda na wa kulia ukabaki umeshikwa na nguo yake mwenyewe. Akaanguka mbele, mkono ukiwa chini yake. Sauti ile ya mkono ninaisikia mpaka sasa ninapozungumza.

Igizo lilisimama. Binti yangu huko juu aliwasha taa kubwa zote mara moja. Kijana wa mzee alikuwa amepiga magoti anasema, "Giza lote hili, mnataka kutuulia wazee?" Watu wakainuka kutazama ngazi. Taa kubwa zikiwaka, zile ndogo hazionekani, kama nyota mchana. Mmoja akasema, "Kweli, hakuna taa hata moja." Mwingine akasema hivyo hivyo. Yule dada wa pembeni yangu naye akasema, "Mimi nimekaa hapa hapa, sikuona taa yoyote." Hakudanganya. Hakuziona.

Meneja wa ukumbi alikuja. Binti yangu alishuka mbio, viatu mkononi. Meneja akamuuliza mbele ya watu, "Taa zako ziko wapi?" Akajibu, "Zinawaka, bosi. Zima za juu uzione." Meneja akasema, "Nizime taa mzee yuko chini?" Na hapo alikuwa na haki. Basi hazikuzimwa, mzee akabebwa, watu wakatawanyika na neno lao kwamba hakukuwa na taa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, na pini kifuani. Sikusema. Watu walikuwa wengi na wote wanasema kitu kimoja, na binti yangu alinitazama kwa jicho la "Mama, nyamaza." Nikanyamaza mara ya pili.

Afande ameniuliza, "Mama, watu kumi na wanne wameandika hapa kwamba hawakuona taa. Kwa nini nikuamini wewe?" Nimemjibu kwamba hata mimi ningekuwa yeye nisingemwamini mama wa fundi. Lakini nimemuuliza na mimi swali, waliochelewa waliingiaje? Walioshuka gizani na viatu vya visigino hawakuanguka kwa sababu gani? Na pini hii hapa. Nimeitoa kifuani nimeiweka mezani kwake. Mzee simjui, sijawahi kumwona kabla ya siku ile wala baada. Suruali yake nimeiona kwa mwanga wa ngazi tu, taa kubwa zilipowaka alikuwa amezungukwa na watu. Mpigieni, muulizeni pindo lake lilishikizwa na nini, na kitu hicho kilikuwa na rangi gani. Kama kulikuwa na giza, afande, mimi pini hii niliionaje?

Afande ameninong'oneza kwamba nikisema hivi, inaonekana mimi ndiye niliyeweza kuzuia mzee asianguke. Nimemwambia ndiyo, naelewa. Aandike. Neno moja tu lilihitajika na nilikuwa nalo mdomoni. Nikiruhusiwa nitakwenda hospitali kumsalimia mzee, na ile suruali nitaikunja pindo upya, mishono miwili.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeinama. Nimesomewa yote kwa sauti na nimeyakubali, isipokuwa mahali pamoja ambapo afande aliandika "taa hafifu." Nimemwomba afute. Hazikuwa hafifu. Zilikuwa zinatosha.

Sahihi ya shahidi: (ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa)

MAELEZO YA ASKARI MPOKEAJI

Maelezo haya yameandikwa na mimi, koplo wa zamu, kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Pini moja ya nepi, kichwa cha bluu, imepokelewa kuwa kielelezo.

Baada ya shahidi kuondoka nilipiga simu hospitalini. Majeruhi alisema hajui habari za pini, anayemvalisha ni mkewe. Mkewe alichukua simu. Nilimuuliza pindo la suruali lilishikizwa na nini. Alijibu, "Pini ya mjukuu wangu, ya bluu. Naitafuta tangu Jumamosi, kwani ninyi mmeipata?"

Jioni hiyo hiyo nilikwenda ukumbini pamoja na meneja na kijana wa majeruhi. Nilikaa kiti cha shahidi, kijana akakaa nyuma yangu. Niliagiza taa kubwa zizimwe. Nilitazama jukwaani kwa dakika kadhaa na sikuona taa yoyote kwenye ngazi, na nilikuwa tayari kuandika hivyo. Kisha nikainama.

Ngazi zote zilionekana hadi chini, pamoja na vumbi lililokuwa kwenye kiatu changu. Nilimsikia kijana wa majeruhi nyuma yangu naye ameinama. Meneja aliuliza kama awashe taa, nikamwambia asubiri.

Sioni sababu ya kumshtaki fundi. Nakiri pia kwamba tulikaa pale gizani kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa upelelezi.